Ugonjwa Ukikaa Nyumbani: Namna ya Kulilinda Tumaini

Siku daktari anapotamka saratani, kiharusi au figo, watu wa nyumbani huanza kuhesabu fedha. Wana haki, maana nauli, vipimo na dawa havingoji. Lakini aliyewahi kuuguza kwa muda mrefu anajua kuna kitu huisha hata kabla ya fedha, nacho ni tumaini. Chukua mgonjwa anayetoka Kigoma au Songea kuja Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi. Mionzi haipigwi siku moja ikaisha. Mara nyingi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa mfululizo. Huku nyuma shamba limeachwa, watoto wako kwa bibi yao, na biashara ndogo iliyokuwa ikilisha nyumba imesimama. Wiki ya kwanza simu hazikatiki. Ikifika wiki ya nne simu imenyamaza, mgonjwa hataki kula, na yule anayemuuguza amekaa kwenye benchi la nje hajui alie au alale.

Nayaandika haya kwa ajili ya watu waliomo katika wiki hizo, na kwa majirani zao. Nimeuguza, na nimeuguliwa na wangu. Nilichokiona ni kwamba tumaini huingia nyumbani kwa miguu ya watu. Mungu anazo njia zake nyingi, lakini hii ndiyo ninayoiona akiitumia kila siku: mtu anagonga hodi ameshika chupa ya uji. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye shida ni kuhakikisha watu hao wanajua mlango uko wapi na ndani kunahitajika nini.

Anza kwa kusema. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na bado tunaficha. Tunaogopa kusemwa kwamba tumerogwa, tunaogopa kuonekana ombaomba, tunaogopa hata kulitaja jina la ugonjwa kana kwamba likitajwa litaongezeka. Huna haja ya kuutangazia mtaa mzima. Chagua watu watatu: ndugu mmoja ambaye akisema jambo ukoo unamsikiliza, mtu mmoja wa ibada kama katibu wa jumuiya, mzee wa kanisa au imamu, na jirani mmoja wa karibu mnayefunguliana milango. Waambie ukweli wote: ugonjwa unaitwaje, matibabu yanafanyika wapi, yatachukua muda gani, na nini kinapungua.

Hapo kwenye kinachopungua ndipo wengi hukwama. Tunaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, "Hali si nzuri, tuombeeni." Watu thelathini wanajibu, "Pole sana, Mungu atatenda," kisha kimya kinarudi. Usiwalaumu. Hukuwapa cha kufanya. Katika Injili ya Marko yupo kipofu Bartimayo, aliyepaza sauti kando ya njia ya Yeriko. Kila aliyemtazama aliuona upofu wake, na hata hivyo Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini, naye akajibu bila kuzunguka. Mwenye shida naye aseme bila kuzunguka. Ujumbe unaofaa unakwenda hivi: "Shikamoo baba mdogo. Mama amepangiwa mionzi wiki tano kuanzia Jumatatu. Gharama za hospitali tumeshazishughulikia. Tunachokosa ni mahali pa kulala karibu na hospitali na nauli ya kila siku. Naomba utuulizie kama kuna ndugu upande wa Kariakoo, Ilala au Magomeni tunayeweza kufikia kwake." Aliyeusoma ujumbe huo anajua ampigie nani kabla hajaiweka simu chini.

Tena, kila mtu umwombe anachokiweza. Tumezoea kuiona huruma katika sura ya noti tu, na matokeo yake wasio na fedha hujitenga kwa aibu, wakati pengine wao ndio wenye muda. Kijana wa bodaboda hana laki ya kuchangia, ila anaweza kuufuata uji asubuhi na kuufikisha wodini. Mwalimu wa shule ya jirani anaweza kumwangalia mtoto wenu asiachwe nyuma. Shangazi mzee asiyeweza kupika wala kubeba anaweza kukaa na mgonjwa saa mbili ili anayeuguza akaoge na kulala. Andika kwenye daftari: kazi, siku, jina. Daftari hilo alishike mtu mwingine, asiwe yule anayelala hospitali. Dada aliyejitolea au binamu mwenye utulivu apokee simu za kuuliza hali, apange zamu za chakula, na kila Ijumaa au Jumapili jioni atume taarifa moja fupi kwa wote. Kueleza habari ileile ya maumivu mara ishirini kwa siku humchosha mtu kuliko kukesha.

Michango nayo iwe na mweka hazina anayeaminika, na kila shilingi iliyoingia na iliyotoka ionekane kwenye kikundi, pamoja na picha ya risiti. Familia nyingi zimegombana juu ya kitanda cha mgonjwa kwa sababu ya daftari la michango lililokosa maelezo, na ugomvi huo mgonjwa huusikia.

Swali linalofuata ni wapi pa kuupata msaada huo. Kwa wengi jibu liko karibu kuliko wanavyodhani. Tangu maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipoamua, katika miaka ya 1970, kuzipa uzito jumuiya ndogo ndogo, familia za majirani zimekuwa zikikutana nyumba kwa nyumba kila wiki kusali na kujuana. Wakristo wa madhehebu mengine nao wana utaratibu wao, iwe ni jumuiya za mitaa au mfuko wa diakonia, yaani wa kuwahudumia wahitaji. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania ulioanza mwaka 1972, wanajulikana kwa kuingia wodini na sabuni, sukari na kanga. Waislamu wana zaka, na Sura ya At-Tawba, aya ya 60, inawataja wanaostahili kupewa: wamo mafakiri na maskini, wamo wenye madeni, yumo na msafiri aliyeishiwa. Mtu aliyeuza mbuzi wake wote huko Kasulu ili amfikishe mkewe Dar es Salaam, na sasa hana nauli ya kurudi, amwendee imamu wa msikiti wa karibu na amweleze hali yake bila kuinamisha kichwa. Anadai haki iliyowekwa na Mwenyezi Mungu. Na usibague mlango. Katika mitaa yetu, kuanzia Tanga hadi Mombasa, ni jambo la kawaida mama wa Kiislamu kumpikia jirani Mkristo, na kwaya ya kanisa kumchangia mpangaji mwenzao anayeswali.

Kwa aliye mgeni kabisa mjini, asiye na jumuiya wala msikiti anaoujua, kundi la kwanza liko hapohapo wodini. Wanaouguza wenzako ndio chuo. Wanajua dirisha lipi hufunguliwa saa ngapi, muuguzi yupi ana subira, wapi uji ni wa bei ndogo, na chumba gani cha kupanga kinapokea watu kwa wiki. Wasalimie kwa majina, kula nao, pokezaneni zamu za kuangaliana wagonjwa. Nimeona watu wa makabila na dini tofauti wakiwa ndugu kwa sababu vitanda vyao vilipakana, na undugu huo ukaendelea hadi kwenye harusi za watoto. Pia, usiondoke hospitalini kabla hujamwona afisa ustawi wa jamii. Hospitali kubwa za rufaa zina kitengo hicho, na kazi yake ni kumsikiliza mgonjwa asiye na uwezo na kumweleza njia zilizopo, ukiwemo msamaha wa malipo pale unapostahili. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji chako kama unayo, maana mara nyingi huulizwa.

Sasa niseme juu ya imani yenyewe, maana kuna maumivu ambayo wagonjwa hawayasemi. Kuna siku sala haitoki. Mtu aliyekuwa mbele kanisani miaka yote anafungua kinywa na hakuna neno. Aliyekuwa wa kwanza kuingia msikitini alfajiri anaisikia adhana na kuugeukia ukuta. Juu ya ugonjwa inaongezeka hatia: labda Mungu amenikasirikia, labda imani yangu ilikuwa ya uongo. Kwa mtu huyo nina maneno ya wazi. Vitabu vyenyewe vimemwekea nafasi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kumalizika gizani, na hakuna aliyethubutu kuiondoa. Ayubu alilalamika sura kwa sura, na mwishoni Mungu alisema yeye ndiye aliyenena sawasawa, si rafiki zake waliomtetea Mungu. Katika Sura ya Yusuf, Nabii Yaakub alimlilia mwanawe hadi macho yakawa meupe kwa huzuni, na alipolaumiwa alisema mashitaka yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Kulia mbele ya Mungu ni ibada ya mtu aliyebakiwa na machozi tu.

Siku kama hizo usijilazimishe sala ndefu. Chagua moja fupi, unayoijua tangu utotoni, usiyohitaji kuifikiria. Ifungamanishe na jambo linalofanyika kila siku bila kukosa: kabla ya kumeza dawa za asubuhi, au unapokaa kwenye foleni ya mionzi. Waislamu wamerahisishiwa, kwani saa za swala zimekwishapangwa, na mgonjwa asiyeweza kusimama ameruhusiwa kuswali ameketi, akishindwa ameulalia ubavu. Na hata hiyo fupi ikikataa, mwite mtu aombe kwa sauti nawe useme "Amina" pekee. Habari ya yule mwenye kupooza wa Kapernaumu hunitia nguvu kila ninapoisoma. Watu wanne walimbeba, wakalipasua paa, wakamteremsha. Marko anaandika kwamba Yesu aliiona imani yao wale waliombeba. Mgonjwa hatujui aliamini kiasi gani siku ile. Kuna majuma ambapo imani ya nyumba nzima iko mabegani mwa jirani, na Mungu huipokea hivyohivyo.

Mwili nao usisahauliwe katika jina la kiroho. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, chini ya mti wa jangwani, malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye. Anayeuguza ale chakula cha moto angalau mara moja kwa siku, na apate usiku mmoja katika wiki wa kulala kitandani kwake huku mwingine akishika zamu. Wanawake hasa hunikatalia hapa. Binti wa mwisho, au mke, huachiwa mzigo wote kwa sababu "yeye ndiye anayejua," na kaka zake hutuma fedha na kuona wamemaliza. Kaka ajifunze kumwosha mama yake uso na kumlisha. Hakuna dini iliyosema kazi hiyo ni ya mabinti.

Maumivu ya mgonjwa yanahitaji kusemwa kwa sauti. Yapo mafundisho mabaya, ya kanisani na ya msikitini pia, yanayomfanya mtu aone kwamba kuumia kimya ndiko kumpendeza Mungu. Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi, akawa ofisa ustawi wa jamii, hatimaye daktari, na aliyekuwa Mkristo wa dhati, alifungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kutunza wagonjwa mahututi, jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi yana pande nne: mwili, moyo, mahusiano na roho, na kwamba ukiuacha upande mmoja zile nyingine haziponi. Kazi hiyo ilifika kwetu. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda, ambako mofini ya maji, ya kunywa, ikawa dawa ya kumfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake. Nchini Tanzania huduma hii inaitwa tiba shufaa. Iulizie mapema. Wengi hudhani ni ya mtu anayekaribia kufa, kumbe humfaa yeyote mwenye ugonjwa mzito, hata anayeendelea na mionzi. Mwambie daktari maumivu yako wapi, yanaanza saa ngapi, yanazuia nini: usingizi, chakula au sala. Mtu ambaye maumivu yake yametulizwa huanza tena kuuliza habari za wajukuu, na hilo ndilo tumaini lenyewe linalorudi.

Wapo na wa kuwakwepa. Mtu akikutaka uache dawa ili kuthibitisha imani yako, mwonyeshe njia ya kutokea, hata awe na cheo gani cha dini. Vivyo hivyo anayetaka fedha kabla ya kuomba, na yule anayemtaja shangazi fulani kuwa ndiye aliyekuroga. Wa mwisho huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu anakukatia ndugu katika saa ileile unayowahitaji. Hospitali ya KCMC ya Moshi na ile ya Bugando, Mwanza, zilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa juhudi za makanisa. Waliozijenga hawakuuona ugomvi wowote kati ya sala na sindano, nasi tusiuanzishe.

Na kama mgonjwa, au wewe unayeuguza, ameanza kusema ni heri afe, anagawa vitu vyake, au hajali tena lolote, usilichukue kama upungufu wa imani. Huenda ni sonona, nayo ni ugonjwa, una dawa na una wataalamu. Mwambie daktari siku hiyohiyo, na mtu huyo asiachwe peke yake.

Ukweli mwingine mgumu ni kwamba si kila mgonjwa atapona. Familia nyingi huogopa kwamba wakikubali hilo watakuwa wamemkosea Mungu, basi wanamzuia mgonjwa asizungumze. Akitaka kusema alipoliweka daftari la madeni, wanamwambia, "Usiseme hivyo, utapona." Mwacheni aseme. Muulizeni anatumaini nini wiki hii. Jibu linaweza kuwashangaza: amuone kaka yake waliyenuniana tangu msiba wa baba, alale usiku mmoja bila kuamka, apelekwe kijijini kabla ya mvua za masika. Mambo hayo yako ndani ya uwezo wa watu wa nyumba, na kila moja likitimizwa mgonjwa huwa na la kungojea kesho.

Nimalizie na wewe uliye mzima. Ukienda kumjulia hali mgonjwa, usikae sana, usimsimulie habari za marehemu aliyekuwa na ugonjwa kama wake, na usimtafutie sababu ya kuugua. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na siku hizo ndizo walizomfaa. Waliharibu walipoanza kueleza. Sentensi ya "ukihitaji chochote niambie" iache kabisa, kwa kuwa inamrudishia mwenye shida kazi ya kufikiri. Jafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka 629, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaagiza watu waipikie familia yake, kwa kuwa msiba umewashughulisha. Hakungoja waombe. Fanya hivyo: beba chakula kilichopikwa, chukua nguo chafu ukazifue, lipa bili ya maji, peleka mtoto shule.

Zaidi ya yote, rudi. Watu wengi huenda wiki ya kwanza, na wachache sana wiki ya sita. Kama kuna mtu uliyempa pole mwezi mmoja au miwili iliyopita na hujasikia habari zake tangu hapo, mpigie leo kabla hujalala, na umwambie utafika siku gani na utakuja na nini.